Mkono wa Aline na Mchi wa Sombe

Nyinyi mliopokea filimbi baada yetu, jihadharini na mtoto mwenye mkono mzuri. Simaanishi kwamba atawasumbua. Atawafurahisha, na furaha hiyo ndiyo itakayowafumba macho. Mtamweka mbele katika kila mazoezi, mtamtaja kwa kila mgeni, na jioni mtakapokuwa mnarudi nyumbani mtasikia bado ule mlio wa mpira wake ukipiga wavu. Mtoto mwenyewe hatawazuia. Sijaona hapa Uvira mtoto aliyeambiwa ana mkono mzuri, naye akajibu kwamba mkono huo unaomba kupumzika.

Nilifundisha michezo na dini katika shule ya wasichana mpaka nilipostaafu. Watu walicheka mchanganyiko huo: asubuhi katekisimu, alasiri handiboli. Mimi sikuona tofauti kubwa. Katika mambo yote mawili unafanya sehemu yako ndogo, halafu unangoja, na anayekuza si wewe. Namshukuru Mungu kwa miaka ile yote, hata ile ya matope.

Na matope yalikuwa mengi. Handiboli haihitaji vitu vingi: mpira, malango mawili, na uwanja ulio sawa. Mpira tuliupata, malango tuliyachonga kwa mbao. Uwanja ulio sawa ndio uliotushinda, kwa sababu sisi wa Mulongwe tuna mto ambao haujui kuomba ruhusa. Mwaka mmoja tulifika asubuhi tukakuta lango limezikwa kwenye udongo hadi karibu na mti wa juu. Mlinda lango wetu aliliangalia, kisha akasema kwamba sasa hata yeye anaweza kulala, hakuna bao litakaloingia. Tulicheka, halafu tukachukua majembe.

Kutokana na matope hayo nilijifunza jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Mpira wa ngozi ulioloa si mpira ule ule. Unakunywa maji, unakuwa mzito, na mtoto anaurusha kwa bega lake lote kama mtu anayetupa jiwe. Siku ya mvua, wafundisheni kukimbia, kujipanga, kukaba. Mkiwa na mpira wa plastiki, tumieni huo. Mpira mzito haumtengenezi mtoto mwenye nguvu. Unamtengeneza mtoto mwenye maumivu.

Aliyenifundisha kuangalia ni Masera Adela, mtawa mfupi aliyekuwa akisimamia michezo ya wasichana kabla yangu. Alipenda kukaa nyuma ya mrushaji. Wote tulikaa karibu na lango ili tuone mabao, yeye alikaa huko nyuma, na kanzu yake imejaa vumbi. Nilipomuuliza anaona nini kutoka huko, alisema mpira hauna habari yoyote mpya, utaingia au hautaingia. Habari ziko kwenye kiwiko. Mtoto asiyechoka, kiwiko chake kinapanda mpaka usawa wa bega au zaidi kabla ya kurusha. Akianza kuchoka, kiwiko kinashuka kidogo kidogo, mgongo unaanza kujipinda ili kusaidia, na mpira unakwenda juu ya lango. Wewe unapiga kelele kwamba hajaweka akili. Akili ameiweka; ni mkono ambao umekwisha.

Masera pia ndiye aliyenizoesha kuhesabu mirusho. Mwanzoni nilihesabu kwa rozari, nikipitisha punje moja kwa kila mrusho, na nilijiona mwenye busara sana. Aliponikuta aliniuliza nimefika fumbo la ngapi. Nikasema hapana, Masera, nahesabu mipira ya wasichana. Aliichukua ile rozari mkononi mwangu, akaondoka nayo, na kesho yake alinirudishia pamoja na gunzi la mahindi lililojaa punje. Tangu siku hiyo nilitia punje mfuko wa kushoto, nikawa nazihamishia mfuko wa kulia. Zilipokwisha, mtoto hakurusha tena siku hiyo, hata kama babu yake amesafiri kutoka Bonde la Ruzizi kuja kumtazama. Mume wangu alilalamika kwamba kila anapofua nguo zangu anavuna mahindi.

Basi msidhani kwamba wakati ule makocha wote waliwaza hivyo. Katika mtaa wa Kimanga alikuwepo Papa Kashindi, fundi wa kushona, aliyefundisha wavulana na wasichana wa mtaa kila jioni baada ya kufunga cherehani. Mtu mwema, mwenye sauti ya kuamsha ziwa. Yeye aliamini kwamba mkono unaouma ni mkono uliolala, na dawa yake ni kuuamsha. Kabla ya mchezo alipasha mawese moto, akaponda tangawizi ndani, akawasugua wachezaji mabega mpaka yakang'aa. Timu yake ukiisikia harufu kabla hujaiona, ulikumbuka kwamba hujala. Mara moja alizidisha, mafuta yakashuka hadi vidoleni, na mpira ukawa unateleza kama mkeke, samaki wa ziwa letu, aliyetoka majini. Walifungwa vibaya. Yeye akasema mawese ya wiki ile hayakuwa ya kweli.

Lakini sikilizeni jambo lililo chini ya kicheko hicho. Kusugua hakudhuru sana. Kinachodhuru ni kwamba joto la tangawizi linaficha maumivu, na mtoto anarudi uwanjani akidhani amepona. Maumivu ni mlinzi wa mlango. Ukimlevya mlinzi, usishangae mwizi akiingia.

Aline alikuja kwetu akiwa amepanda kidato cha tatu. Mama yake alikuwa na malewa, mgahawa mdogo wa mabenchi machache, pale Kimanga, na sombe yake, majani ya muhogo ya kutwanga, ilikuwa na jina. Madereva wa moto, yaani pikipiki za kukodi, waliacha abiria wangoje ili wao wamalize sahani. Msichana mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye kucheka haraka, na hakuna aliyemtazama mara mbili mpaka aliposhika mpira. Siku ya kwanza aliruka, akarusha, na mlinda lango wetu hakuinua hata mkono. Baadaye alisema alikuwa anangoja mpira uanze safari.

Mwaka wa pili Aline akawa ndiye timu. Alituchezea sisi shuleni, na jioni nyingine alicheza kwa Papa Kashindi, aliyemwita kanoni yake, mzinga wake wa vita. Mwishoni mwa mwaka kulikuwa na fainali ya shule, na katika fainali hiyo wangechaguliwa wasichana wa kwenda Bukavu kuwakilisha mji wetu. Aline hakuwa amewahi kupanda milima ya kwenda huko. Alikuwa ameshauliza wenzake huko kunavaliwa nini kwa baridi, na shangazi yake alikuwa ameshamwazima sweta. Mtaa mzima ulijua. Ukipita Kimanga, hata wauza mkaa walikuuliza habari za mkono wa Aline.

Maumivu yake sikuyaona uwanjani. Niliyaona kanisani. Siku ya Dominika, kwenye wimbo wa sifa, sisi sote tunainua mikono, na vijana wanainua zaidi kuliko wazee. Aline alikuwa mbele yangu, mabenchi mawili hivi. Aliinua mkono wa kushoto. Nikasema labda wa kulia umeshika kitabu cha nyimbo, lakini nilipojisogeza niliona mkono huo umelala juu ya tumbo lake kama mgonjwa. Dominika iliyofuata, vile vile. Nyimbo zote, kushoto. Namwomba Mungu msamaha kwa sababu mahubiri ya siku ile siyakumbuki hata neno.

Nilipomuuliza, alicheka akasema ni mazoea tu. Nikamwambia ajifunge kitambaa cha kichwani mbele yangu. Alikifunga vizuri, ila aliinamisha kichwa chini kukifuata kitambaa badala ya kuinua mkono kukifikisha kichwani. Hii nawaachia kama chombo cha kazi: msimwulize mtoto kama anaumwa, kwa sababu atawajibu kile mnachotaka kusikia. Mtazameni anapofunga kitambaa, anapovua sweta, anapobeba mkoba wa shule, anapofuta ubao. Bega halijui kusema uongo kwenye kazi ndogo.

Nikampunguzia mirusho. Zile punje za mahindi nikazikata nusu. Wiki ikapita, nyingine ikapita, na kiwiko chake kilikuwa kinashuka pale pale, hata kwenye mirusho ya mwanzo alipopaswa kuwa hajachoka. Nikajua basi kwamba kuna mtu anaula mkono huu nyuma yangu. Na mtu huyo nilimjua kwa jina.

Nilikwenda kwa Papa Kashindi nikiwa nimejiandaa kwa sala, kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilimkuta anapindua pindo la suruali. Nikamwambia yote: kwamba mtoto ni mmoja, kwamba mimi natunza na yeye anabomoa, kwamba mawese yake atakwenda kuyaeleza mbinguni. Aliniacha nimalize. Kisha akatoa pini mdomoni.

"Madamu," akasema, "ule mutoto minye sijamugusa tangu mwezi yote hii. Nilimuona anarusha vibaya, nikamuambia abaki kwao. Minye nilizani njo weye unamumaliza."

Tulitazamana. Kila mmoja alikuwa amemlaani mwenzake kwa wiki nzima, na wote wawili tulikuwa hatuna hatia. Alinivutia kiti. Tukakaa hapo kama wafiwa, tukijiuliza mkono unaenda wapi.

Jibu lilinipata nikiwa na njaa. Ilikuwa Ijumaa, nimetoka kununua chaki, nikapitia malewa ya Mama Aline nile sombe na bugali. Nikiwa nangoja nilisikia kinu nyuma ya nyumba. Mlio huo tunausikia kila siku katika mji huu, kama tunavyosikia moto na jogoo, na kwa sababu tunausikia kila siku hatuusikii. Lakini siku hiyo niliusikiliza, labda kwa sababu ulikuwa na mdundo mzuri mno. Mzito, sawasawa, bila kuchoka. Nikainuka nikaenda nyuma.

Alikuwa Aline. Ameweka miguu kama tunavyowafundisha, mchi unapanda juu ya kichwa kwa mkono wa kulia, unashuka, unapanda. Kando yake palikuwa na beseni la majani ya muhogo, na jingine, na jingine. Mama yake alinikaribisha kwa furaha. Akaniambia katika Kimanga yote hakuna anayetwanga kama huyu, sombe yake inatoka laini kama unga, na kukiwa na arusi watu wanakuja kumwomba hata wa mitaa mingine. Kesho kulikuwa na arusi mbili. Machine ya kusagia sombe ipo sokoni, akasema, lakini wateja wake hawaitaki, wanasema sombe ya machine ina ladha ya chuma.

Nikaomba mchi. Walicheka, mama na binti, lakini walinipa. Nilitwanga beseni moja, si zaidi, nikiwa nimevua saa. Asubuhi yake nilipoamka kusali, mkono wa kulia ulifika kifuani ukagoma kwenda kwenye paji la uso. Nikafanya ishara ya msalaba kwa kushoto, na nikiwa katikati ya ishara hiyo nikaanza kucheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kama niko salama. Miezi yote ile mimi nahesabu punje za mahindi, Papa Kashindi anahesabu mawese, na hakuna aliyewahi kuhesabu sombe. Kwetu kurusha mpira ni mchezo, kutwanga ni kuwa binti wa watu. Nani angewaza kuviweka katika kikapu kimoja? Lakini bega linaviweka. Kwa bega, kinu na uwanja ni kazi moja.

Hospitalini yupo mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine. Nilimpeleka Aline kwake. Kijana mpole, aliuinua mkono taratibu huku na huku, akamwomba asukume, avute, asukume tena. Akasema hakuna kilichokatika, namshukuru Mungu, lakini nyama za bega zimechoka na zimevimba, na zikiendelea kulazimishwa patakatika kitu ambacho hapa kwetu hakuna wa kukishona. Apumzike. Asirushe, asitwange, asichote maji kwa mkono huo, mpaka maumivu yaishe kabisa, kisha arudi polepole. Nilimuuliza kuhusu fainali. Alimtazama Aline, kisha akanitazama mimi, na nikaona aibu kwa swali langu.

Sasa kulikuwa na kazi ya kumwambia mama. Nilikwenda mchana, wateja wakiwa wameondoka, nikakaa chini kwenye mkeka nikaanza kumsaidia kuchambua majani, maana habari ngumu huingia vizuri mikono ikiwa na shughuli. Nilimweleza. Alisikiliza akiendelea kuchambua, na mwisho akacheka kicheko kikavu.

"Madamu, weye ulinikamatia mutoto kwa sababu ya mupira. Sasa unamukamata na kwa kinu? Atabakia na kazi gani, kuangalia?"

Nikasema, ndiyo, kwa muda, kuangalia.

"Na arusi za watu? Minye nimekula tayari feza yao."

"Mama Aline, mukono iko moja tu. Weye ukiutumia asubui na minye nikiutumia magaribi, siku atapata mutoto wake atamubeba na nini?"

Aliacha kuchambua. Aline alikuwa amesimama mlangoni, na mama yake hakugeuka kumtazama alipouliza.

"Aline, inakuuma?"

Nilidhani atatuambia tena habari za mazoea.

"Inaniuma, mama. Tangu siku mingi."

"Mbona haukusema?"

"Kila mutu iko anausifu."

Wajukuu zangu wa filimbi, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na mengine yalikuwa mazuri. Lile la Aline lilikuwa fupi kuliko yote. Mama yake aliinuka, akauchukua mchi, akausimamisha nyuma ya kabati, na akaniambia kwamba kesho kuna arusi nyingine mbili, kwa hiyo nifikirie, maana mimi ndiye niliyesoma.

Sikufikiri sana. Nilikwenda shuleni nikawaambia wasichana, wakaja wote, timu nzima, na vitambaa vyao na kelele zao. Papa Kashindi alisikia, akaja na wavulana wake, ingawa alitangaza mlangoni kwamba wanaume hawatwangi sombe, wamekuja kulinda tu. Mama Aline alimpa mchi kabla hajamaliza sentensi. Tulitwanga kwa zamu, kila mmoja kidogo, kulia halafu kushoto, na huku tukiimba nyimbo za kanisani kwa mdundo wa kinu. Aline alikalishwa kwenye kiti katikati kama bibi arusi, mkono umefungwa kwa kitenge, akitoa maagizo. Alimkemea Papa Kashindi kwamba anaua majani badala ya kuyatwanga. Kusema kweli wavulana walitwanga vibaya sana. Sombe ilitoka na vipande vya kutosha kujengea nyumba. Mama Aline alionja, akafumba macho, akasema arusi ile italazimika kuwa na meno.

Lakini zamu hazikuweza kuendelea kila siku, na yeye alilijua hilo. Wiki iliyofuata alipeleka majani yake kwenye machine, kwa siri, kama mtu anayekwenda kuungama. Alipakua sombe hiyo, akasimama kando kuona. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa moto, aliyezoea kuapa kwamba ladha ya chuma anaijua hata akiwa amelala. Mzee huyo alimaliza sahani, akaifuta kwa tonge la mwisho, akasema leo Aline ametwanga kupita kawaida, nipe nyingine. Mama Aline alikimbilia nyuma ya nyumba, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mchi ulitoka kwa sikukuu tu.

Fainali ilifika. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Aline alikaa kwenye benchi na sweta ya shangazi mapajani, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tulishindwa. Watu waliotoka Kimanga kuja kumwona waliniita majina ambayo siyaandiki hapa, na mmoja aliniuliza kama wapinzani ni ndugu zangu. Wasichana wa kwenda Bukavu walichaguliwa, na yeye hakuwemo. Walipoondoka alikwenda kuwasindikiza, akampa mwenzake ile sweta, kisha akaja nyumbani kwangu akalia jikoni kwangu mpaka chai ikapoa. Sikumwambia kwamba si kitu. Ilikuwa kitu. Nilimwekea chai nyingine.

Kisha tukaanza kazi ya polepole, ile ambayo hakuna anayekuja kuitazama. Mkiwa na mtoto aliyeumia, mtaihitaji, kwa hiyo nawaeleza. Kwanza, kupumzika kabisa mpaka aweze kuinua mkono, kulala juu yake na kujifunga kitambaa bila kuumia. Halafu kine alituonyesha kukata mpira wa ndani wa baiskeli, ule uliokufa, kuufunga kwenye nguzo, na kuuvuta taratibu, kiwiko kimebana ubavuni, kwenda nje na kurudi ndani. Ni zoezi dogo la kuchosha akili, na linalinda bega kuliko mawese yote ya Kimanga. Papa Kashindi mwenyewe siku hizi anauza vipande hivyo kwa timu nyingine, amevishona pindo.

Baada ya hapo tulirudi kwenye mpira, lakini si mpira wa kweli. Tulishona wa vitambaa. Alimrushia mwenzake aliyesimama karibu, kama mtu anayempa jirani mkate juu ya ua. Siku mbili tatu bila maumivu, mwenzake anarudi hatua nyuma. Maumivu yakija, tunasogea mbele tena bila kulaumiana. Halafu mpira wa plastiki. Halafu wa ngozi, mkavu. Na siku ya kurusha ilifuatwa na siku ya kutorusha, hata alipojisikia kama simba. Hasa alipojisikia kama simba. Alinichukia kidogo katika miezi ile. Aliniambia hata watoto wa Bujumbura wataota ndevu kabla mimi sijamruhusu kuruka. Nilimjibu kwamba nitawapongeza.

Majira ya kiangazi, upepo wa ziwa ulipokuwa umekausha uwanja, kine alimpima akasema sasa anaweza kuruka na kurusha kwa nguvu zake zote, mara moja tu, tuone. Sijui nani alitoa habari. Tulipofika uwanjani tulikuta wasichana wote, na wavulana wa Papa Kashindi, na Mama Aline akiwa na mwiko mkononi kwa kuwa alitoka jikoni akikimbia. Niliketi nyuma ya Aline, kwenye vumbi, mahali alipokuwa akikaa Masera.

Alichukua hatua zake. Akaruka. Niliona kiwiko kinapanda, kinapanda, kinapita bega, na moyo wangu ukapanda nacho. Mpira ukatoka mkononi mwake ukapita juu ya lango, ukapita juu ya mlinda lango aliyekuwa amenyoosha mikono bure, ukapita ukuta wa shule, ukatua barabarani. Tulisikia moto ikifunga breki na dereva akiuliza ni nani anayetupa mabomu.

Hakuna aliyecheka bado. Wote tulimtazama yeye. Aline alikuwa amesimama pale alipotua, ameunyoosha mkono wa kulia juu kabisa, anauzungusha taratibu kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli ya zamani.

"Haiumi," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ambayo bila shaka ilisikika Burundi.

Hapo ndipo tulipocheka. Mama Aline alimkumbatia Papa Kashindi, jambo ambalo wote wawili hulikanusha. Mlinda lango alilala chini. Mimi nilisema sala yangu nikiwa bado nimekaa kwenye vumbi.

Aline akanijia mbio, uso wote umejaa furaha, akaniomba arushe tena, moja tu, sasa hii itaingia.

Nikamwambia kesho kutwa. Akacheka, akaenda barabarani kumwomba dereva mpira.